Diski Inayougua: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Wanafunzi wenzangu, kompyuta ya maktaba yetu imeanza kugonga ko-ko-ko, na faili nyingine hazifunguki. Wako wasemao ya kuwa fundi aitengeneze diski yake, maana fedha ni haba. Mimi sikubaliani nao.

Ndani ya diski ngumu mna sahani zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kisomacho huelea juu ya kila sahani bila kuigusa. Kikiikwaruza, maandishi yaliyokuwa pale hayarudi, wala hakuna fundi awezaye kuyarudisha. Mpira wa baiskeli hutiwa kiraka ukaendelea na safari. Diski ya namna hii huzidi kuharibika kila iwashwapo.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: kwanza tunakili kazi zetu leo, kabla ya jambo lingine lo lote, kisha tununue diski mpya. Nayo mpya itachakaa siku moja, basi nakala ya pili iwekwe mahali pengine. Sisi wa darasa la mwisho tutaondoka, lakini wadogo zetu watazihitaji insha zile. Bei ya diski twaweza kuichanga. Insha zilizopotea hazichangwi. Akiba haiozi.