Paka akisusa chakula, usingoje siku ya tatu

Nilikuwa nimekusudia kuzungumzia mambo mengine juma hili, lakini barua moja kutoka Sotik imenifanya niyaweke kando. Aliyeiandika ni mama mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, kipande cha majani chai, na ghala la mahindi ambalo mlinzi wake ni paka mmoja tu. Paka huyo alishikwa na mafua akakonda. Mwenye duka la dawa za mifugo akampa mama unga wa vitamini wa kuchanganya na chakula. Mama akaukoroga wote katika bakuli la ugali na maziwa. Paka akanusa, akageuza mgongo, akaenda zake. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Sasa mama anauliza kama amwache tu mpaka njaa imfundishe adabu.

Jibu langu ni hapana, na nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu hata ninyi mnaoishi Buruburu na Lang'ata, mnaonunua chakula cha paka kwenye supamaketi, huwa mnajaribu dawa hiyo hiyo ya njaa.

Mbwa mzima aweza kukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike sana. Paka hayuko hivyo. Asipokula, mwili wake huanza kuyatoa mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi na kuyapeleka kwenye ini. Ini la paka haliwezi kushughulikia mafuta mengi kwa wakati mmoja. Hujaa, hulemewa, na baada ya siku chache utaona fizi na weupe wa macho vimegeuka manjano. Aliye hatarini zaidi ni paka mnene, yule ambaye sisi husema ana akiba ya kutosha! Kwa hiyo paka mzima akipitisha siku mbili bila kutia kitu tumboni, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mtoto wa paka usimngojee hata siku moja.

Basi mbona anasusa ilhali ana njaa? Tatizo kubwa ni pua. Paka hula kwa pua kwanza, mdomo hufuata baadaye. Mafua yakiziba pua, samaki na karatasi ni mamoja kwake. Na ukijua baridi ya asubuhi ya nchi ya majani chai, utaelewa kwamba chakula kilicholala jikoni usiku kucha hakitoi harufu yoyote. Panya aliyekamatwa sasa hivi huwa na joto. Chakula nacho kiwe na joto la mwili, nyuzi 38 hivi. Kipime kwenye kifundo cha mkono kama unavyopima maziwa ya mtoto mchanga. Mpanguse paka pua kwa kitambaa chenye maji vuguvugu kabla ya kumwekea chakula. Kiweke kwenye kisahani kipana ili masharubu yake yasigusane na kingo, mahali penye utulivu, mbali na mbwa na mbali na pale anapojisaidia.

Kuna wanaotia sukari au asali ili dawa ipate ladha. Wanajisumbua bure. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell huko Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba paka ana hitilafu katika jeni moja linalohitajika ili ulimi utambue utamu. Yaani hajui sukari ni nini. Kinachomvuta ni shombo la samaki na harufu ya nyama, basi.

Sasa tuje kwenye bakuli lenyewe. Sotik ni nchi ya maziwa, hata New KCC ina kiwanda chake huko, na kwa hivyo si ajabu paka akapewa maziwa na ugali tangu asubuhi hadi jioni. Lakini paka wengi wakishakua hupoteza uwezo wa kusaga sukari iliyomo ndani ya maziwa, na matokeo yake ni kuharisha. Paka mgonjwa anayeharisha huishiwa na maji upesi. Ugali nao humjaza tumbo tu. Paka ni mla nyama, na ndani ya nyama na samaki mna kitu kiitwacho taurini ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea kwa kiasi cha kutosha. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walieleza jinsi paka waliokosa taurini walivyoharibika macho. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kwamba upungufu huo huo huudhoofisha moyo. Viwanda vya chakula cha paka vikaongeza taurini baada ya hapo. Kwa hiyo wewe wa mjini unayemlisha paka chakula kamili cha pakiti, huenda unga wa vitamini ulioununua hauna kazi yoyote. Muulize daktari kabla ya kupoteza pesa.

Kwa mama wa Sotik, nyongeza ya kwanza isiwe unga bali omena. Samaki hao wa Ziwa Victoria huliwa wazimawazima, kwa hivyo mfupa wao mdogo humpa paka chokaa ambayo nyama tupu haina. Waoshe mchanga uishe, uwachemshe bila chumvi, bila kitunguu na bila kitunguu saumu. Vitunguu huharibu damu ya paka, hata vikiwa vya mchuzi tu. Usiwape wabichi, kwani baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Maji uliyochemshia usiyamwage, maana sehemu ya taurini huingia humo. Supu hiyo ikiwa na uvuguvugu ndiyo chambo bora kabisa ninayoijua kwa paka aliyesusa. Maini pia huwavutia sana, lakini kipande kidogo mara moja au mbili kwa juma chatosha. Paka anayelishwa maini kila siku kwa miezi mingi hurundika vitamini A mwilini, mifupa ya shingo ikakakamaa.

Paka akishaanza kula, ndipo urudi kwenye unga aliouagiza daktari. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tunautia wote ndani ya mlo mzima, paka anakataa, na tumepoteza unga na chakula pamoja. Kuna baya zaidi: paka akionja kitu kichungu wakati tumbo linamchafuka, hukikumbuka chakula hicho kwa chuki na huenda asikiguse tena kwa majuma kadhaa. Kwa hivyo usikichafue chakula anachokitegemea. Chukua kijiko kimoja cha chai cha kitu chenye shombo kali, tia chembe za unga zinazoweza kukaa kwenye ncha ya kisu, umpe hicho kwanza akiwa na njaa. Akimaliza, mwekee chakula chake safi kisicho na kitu. Baada ya siku mbili tatu ongeza kidogo, na uendelee hivyo mpaka ufikie kipimo, hata kama itachukua juma moja au mawili. Akikataa, rudi nyuma hatua moja. Si kazi ya mtu mwenye haraka, na watoto wakipewa jukumu hili wakati wa likizo huifanya vizuri kuliko sisi.

Daktari akikuambia umlishe kwa bomba la sindano, liwe bila sindano yenyewe. Liingize pembeni mwa mdomo, nyuma ya jino refu, na utoe kidogo kidogo ukingoja ameze. Usimwinue kichwa kuelekea juu, maana chakula kitaingia mapafuni. Anayetapika usimlishe kwa nguvu.

Kuna mambo mawili ambayo hayaponi kwa supu ya omena. Ghala la mahindi huwa na sumu ya panya, na paka akila panya aliyekufa kwa sumu naye huweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Akisusa chakula, amelegea na fizi ni nyeupe, hiyo ni safari ya kwa daktari saa hiyo hiyo. La pili ni kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata. Paka anayetokwa na udenda, asiyeweza kumeza, au aliyebadilika tabia ghafla, usimtie kidole mdomoni kwa ajili ya vitamini. Ita watu wa mifugo. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitalini siku hiyo hiyo ukachanjwe.

Tafadhali usimpe paka dawa za watu. Parasetamoli, ambayo haikosekani nyumbani, humwua paka hata kwa kidonge kimoja. Vidonge vya madini ya chuma na mafuta ya ini la samaki yanayonunuliwa kwa ajili ya watoto visikaribie bakuli lake pasipo idhini ya daktari. Unga wa vitamini wa kuku na chumvi ya ng'ombe vilipimwa kwa ajili ya kuku na ng'ombe, na kilo nne za paka si sawa na kilo mia nne za ng'ombe.

Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo mama, anzia ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe. Mbebe paka ndani ya kikapu chenye kifuniko au katoni iliyotobolewa matundu. Chukua na pakiti ya ule unga, ikiwa bado ina maandishi yake, na umwambie daktari saa na siku aliyokula mara ya mwisho. Hilo ndilo atakalokuuliza kwanza.