Duka la Askari Aliyetoka Kazini

Ipo siku ambayo kila askari anajua kuwa itafika, lakini ni wachache wanaojiandaa kuipokea: siku ya kurudisha sare ghalani, kutia sahihi, na kutoka katika lango la kambi akiwa raia. Wengine hufikishwa hapo na umri, wengine na maradhi, na wengine na kupunguzwa kwa jeshi. Kati ya mwaka 1992 na 1995, zaidi ya askari 36,000 wa NRA, kama jeshi la Uganda lilivyoitwa wakati huo, waliachishwa kazi kwa mpango wa Serikali, wakapewa fedha na mabati ya kuanzia maisha mapya. Wako waliofaulu, na wako walioanguka.

Mara nyingi wazo la kwanza la mwenzetu aliyetoka kazini ni kufungua duka. Si wazo baya. Duka dogo la sukari, sabuni na chumvi halihitaji shahada. Kosa hutokea pale anapochukua kiinua mgongo chote na kukimwaga kwa siku moja katika biashara asiyoijua, kwa sababu tu amemwona jirani akistawi. Afadhali aanze na meza moja sokoni, ajifunze bei na tabia za wateja, na fedha iliyobaki ikae katika akiba. Wanajeshi wanacho chama chao cha Wazalendo, na polisi wanacho Exodus. Hivyo ni vyama vya kujiunga navyo mtu angali kazini.

Ajabu ni kwamba askari anayo elimu ya duka bila kujitambua. Katika ghala ya silaha hakuna risasi itokayo bila kuandikwa: nani kachukua, lini, na ngapi zimerudi. Lakini mtu huyo huyo, akiisha kufungua duka lake, huchota fedha za mauzo akanunulia nyama ya jioni, wala haandiki. Watoto nao huchukua biskuti. Baada ya miezi mitatu rafu ni tupu, naye anamshuku jirani kwa uchawi!

Hata hivyo, adui mkubwa wa duka hilo hatoki nyumbani. Anatoka kambini, na hapa tunasema nanyi mlio kazini. Mnapita kwa sajini wenu wa zamani, mnachukua sukari, mnasema, "Andika, afande, nitalipa mwisho wa mwezi." Naye huona haya kukataa, kwa kuwa mlilala handaki moja. Tuseme amenunua kilo kwa shilingi 3,600 na anaiuza kwa 4,000. Faida yake ni shilingi 400. Kilo moja ikikopwa isilipwe, hana budi kuuza kilo 9 nyingine bila kupata hata senti, ili arudishe tu gharama ya ile moja. Wakiwa wakopaji kumi, duka limekufa, na waliolizika ni rafiki zake.

Tunajua kwamba mshahara wa askari haufiki mbali. Lakini mwenye duka hana mshahara wa kungojea. Kuna na wale wanaochukua bidhaa kwa kutegemea bunduki au sare zao, wakijua kuwa mzee yule hatakwenda kushtaki. Hao hatuwaiti wadeni. Jina lao polisi wanalifahamu.

Tungependa makamanda wa kambi na wakuu wa vituo walitazame jambo hili. Mara mshahara uingiapo benki, wenye maduka ya jirani waitwe na madaftari yao, majina yasomwe kwenye paredi, na kila mdaiwa alipe siku ile ile au aeleze mbele ya wenzake atalipa lini.