Nia Njema Haizibi Ufa

Ipo itikadi iliyokwisha kuota mizizi miongoni mwa vijana wa maandamano, na hata miongoni mwa wazee wanaowaombea dua, ya kuwa chombo kilichoundwa na mwenzetu kwa kujitolea, bila ujira wala faida, ni chombo cha kuaminiwa. Kwamba aliyekesha usiku kucha akiandika programu ya kuwaonya waandamanaji wapi polisi wamefunga njia hawezi kuwa ametuchimbia shimo. Juni 2024, Wakenya walipokuwa barabarani wakiupinga Mswada wa Fedha, mpwa wangu alinitumia kiungo cha programu ya namna hiyo. "Pakua, mjomba," aliniambia, "hii ni ya wenzetu." Nilipomwuliza ni nani aliyeikagua, alinijibu kwa mshangao kwamba mtengenezaji hakulipwa hata senti. Ni jibu hilo ninalogombana nalo, maana limejibu swali ambalo sikuuliza.

Kutolipwa ni sifa ya mtu, na usalama ni sifa ya kitu. Watu wa pwani wanajua kwamba neno hili sifa lina maana nyingine, nayo ni yale mafuta ya papa, yenye harufu isiyosahaulika, yanayopakwa mbao za jahazi zisiliwe na jua na chumvi. Sifa hizo za papa zimehifadhi majahazi mengi. Sifa za fundi, ziwe za ucha Mungu au za ukarimu, hazijahifadhi hata moja, na nahodha mwenye kuyajua maji huteremka ngamani na taa, akapapasa kalafati kwa vidole vyake mwenyewe, hata ikiwa fundi ni shemeji yake.

Mwenye shaka na atazame yaliyotokea Iran. Baada ya uchaguzi wa Juni 2009, Tehran ilipofurika waandamanaji na serikali ikaubana mtandao, Mmarekani mmoja wa San Francisco, Austin Heap, aliingiwa na huruma, akashirikiana na mwenziwe kuunda programu waliyoiita Haystack, yaani lundo la nyasi kavu, kwa maana kwamba ujumbe wa Mwirani ungefichwa humo mithili ya sindano, katikati ya mawasiliano ya kawaida yasiyomshtua mkaguzi. Huruma yake sina sababu ya kuishuku. Magazeti yalimshangilia, The Guardian la Uingereza likamtunuku heshima ya mvumbuzi wa mwaka 2010, na serikali ya Marekani, ambayo wakati huo haikuwa ikitoa ruhusa za namna hiyo kwa wepesi, ikatoa kibali programu hiyo ipelekwe Iran. Katika karamu hiyo yote jambo moja halikufanyika: msimbo wake haukuwekwa mbele ya wataalamu wa nje wautazame, kwa hoja kwamba adui naye angejifunza. Mwandishi Evgeny Morozov alipopiga kelele, na wataalamu wa usalama walipoipata nakala na kuipasua, Septemba 2010, ilidhihirika kwamba chombo kile kingeweza kumfichua yule yule kilichodai kumsitiri. Kikasimamishwa upesi. Lakini wale waliokuwa wakikijaribu ndani ya Iran, waliokiwasha kwa kuitegemea huruma ya mtu wasiyemjua, hawakupewa taa ya kuteremkia ngamani.

Cryptocat, programu ya mazungumzo ya faragha iliyoanzishwa mwaka 2011 na Nadim Kobeissi, kijana mzaliwa wa Beirut, nayo ilikuwa na ufa wake. Mwaka 2013 mtafiti wa usalama, Steve Thomas, alionyesha kwamba funguo zilizolinda mazungumzo ya vikundi zilikuwa dhaifu kupita kiasi, kwa sababu mahali ambapo programu ilitarajia namba kubwa zisizobahatishika, kila nafasi ilikuwa imejazwa tarakimu moja tu, baina ya 0 na 9. Fikiri ufunguo ambao kila jino lake lingeweza kuchongwa kwa maelfu ya namna, kumbe fundi amelichonga kwa namna kumi. Aliyetenda kosa hilo hakuwa jasusi, wala nia yake haikuwa chafu. Na nia hiyo safi haikuongeza hata jino moja. Kilichosaidia ni kwamba msimbo ulikuwa hadharani, mgeni akausoma, na wenye programu wakakiri, wakamshukuru aliyewaumbua. Tovuti yao yenyewe iliwaonya watu wasiikabidhi programu yoyote uhai wao.

Wala asidhani mtu kuwa uwazi peke yake unatosha: ule ufa ulioitwa Heartbleed ulikaa ndani ya OpenSSL, msimbo huria unaolinda sehemu kubwa ya intaneti, tangu 2012 hadi Aprili 2014, mlango ukiwa wazi na hakuna aliyeingia kutazama.

Nitaambiwa kwamba nawavunja moyo watu wanaotoa usingizi wao kwa ajili ya umma. Mimi naona dhuluma iko kwa wanaowashangilia, maana siku mtoto wa watu atakapokamatwa kwa sababu ya programu yenye ufa, lawama yote itamwangukia mtengenezaji peke yake, ilhali jicho la pili, ambalo huwa tunaona haya kulidai kana kwamba tunamtuhumu, lingemwepusha na majuto ya umri mzima.

Mpwa wangu nilimpa maswali mawili ayapeleke: msimbo uko wapi, na namba za simu za wanaoitumia huhifadhiwa kwenye seva ipi, kwa muda gani. Alirudi baada ya siku tatu, uso umemshuka. Mtengenezaji, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kundi lao la WhatsApp, hakujibu. Alimwondoa kundini, kisha akawaandikia waliosalia wajihadhari, majasusi wamekwisha kuingia.