"Ni YAML Tu" Ndiyo Sentensi Inanitisha

Wasee, leo tuongee kuhusu ile faili hakuna mtu husoma.

Unajua vile maduka makubwa ya Nairobi hufanya. Mlangoni soja anapekua mkoba wako hadi chini: chaja, leso, chapati ya lunch, kila kitu. Zunguka nyuma kwa lango la mizigo sasa. Vaa rifleketa, beba katoni, na utapungiwa mkono tu, pita boss. Timu nyingi za programu hukagua kazi vivyo hivyo. Ukibadilisha rangi ya kitufe kwenye apu, watu watatu wanakuja kubishana na wewe. Ukibadilisha faili inayoamua apu yenyewe inajengwa vipi, inajaribiwa vipi na inafikaje kwa simu za watu, mtu mmoja anaandika "iko sawa" na maisha yanaendelea.

Kama hauko kwa hii stori ya teknolojia, ngoja nikueleze haraka. Siku hizi kampuni nyingi hazipandishi programu kwa mkono. Ukimaliza kuandika msimbo, kuna mtambo unaouchukua, unaujaribu, unaufunga na kuupeleka kwenye seva zinazohudumia wateja. Maagizo ya mtambo huo yako kwenye faili ya maandishi, mara nyingi ya aina inaitwa YAML. Na ili ufanye hiyo kazi, mtambo lazima upewe funguo: za seva, za hifadhidata, za duka la apu. Kwa hivyo yeyote anayeweza kubadilisha maagizo ana hizo funguo zote, hata kama hakuna mtu aliwahi kumkabidhi.

Machi 2025 tuliona hii kitu ikitokea live. Kuna kifaa kinaitwa tj-actions/changed-files, watu hukitumia kwenye GitHub Actions. Kazi yake ni ndogo tu: kuambia mtambo ni faili gani zimebadilika. Zaidi ya hifadhi 23,000 za msimbo zilikuwa zinakitegemea. Mshambuliaji akapata njia ya kuingia, akaweka msimbo unaochimba siri kutoka kwa mtambo na kuzimwaga kwenye logi. Na kama mradi wako ni wa wazi, logi hizo zinaweza kusomwa na mtu yeyote duniani.

Sikiza venye alifanya. Watu wengi walikuwa wameandika kwenye faili zao kitu kama "tumia toleo la 45". Sasa hiyo 45 ni lebo, na lebo inaweza kubanduliwa hapa ikabandikwa pale. Jamaa akahamisha lebo za matoleo, mpya na za zamani, zote zikaelekea kwa ule msimbo mbaya. Kwa timu zilizoathirika, hakuna mtu aliyegusa faili yake siku hiyo. Hakukuwa na badiliko lolote la kukagua. Kilichookoa wengine ni kwamba kitambo sana, mtu aliyekuwa anakagua alisema: toa hiyo lebo, weka ile namba ndefu ya herufi 40 inayotambulisha msimbo wenyewe. Pengine siku hiyo alionekana msumbufu.

Halafu ule msimbo ulikuwa umeandikwa jina la Renovate, roboti ambayo watu wamezoea ikileta masasisho. Jina kwenye badiliko ni maandishi tu, buda. Mtu anaweza kujiandika Renovate, anaweza kujiandika wewe.

Na si lazima kuwe na mwizi. Agosti 1, 2012, kampuni ya kununua na kuuza hisa ya Marekani, Knight Capital, ilikuwa imepeleka programu mpya kwenye seva zake nane. Fundi akasahau moja. Soko lilipofunguliwa, ile seva ya nane ikaamsha msimbo wa zamani na kuanza kumwaga oda. Kwa kama dakika 45 hivi, zaidi ya dola milioni 440 zikaenda. Wadhibiti wa soko walipochunguza, waliandika kwamba hakuna fundi wa pili aliyekagua ule upelekaji, na hakukuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka afanye hivyo.

Najua mtasema ukaguzi unachelewesha kazi. Kweli, unachelewesha. Mimi ningepunguza ukaguzi wa rangi za vitufe hata kesho, hizo dakika zihamie huku. Mabadiliko ya faili hii mara nyingi ni mistari michache tu. Niangalie kama kuna mahali mtambo umepewa ruhusa ya kuandika kila kitu ilhali kazi yake ni kusoma. Niangalie kama kuna pull_request_target, kwa sababu ikitumiwa vibaya inaachia msimbo wa mtu wa nje ukimbie karibu na siri zako. Na ule mstari unaosema jaribio likianguka, endelea tu. Huo unaudhi! Kila kitu kinaonyesha kijani na hakuna kilichopita.

Rafiki yangu mmoja alikuwa intern kwa startup fulani hapa mjini. Akauliza kwa heshima mbona badiliko la mkubwa wake linapea mtambo ruhusa zote. Akajibiwa: "Usituchelewesheee, ni YAML tu." Likapitishwa. Hiyo apu inashika pesa za watu, watu wa kawaida, mama mboga na watu wa boda. Kama siri zake zingevuja, hakuna hata mmoja wao angejua neno YAML ni nini.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sitajifanya nimesomea haya yote darasani. Lakini GitHub inaruhusu uweke sheria kwamba chochote kinachogusa folda ya .github/workflows hakiingii bila idhini ya watu uliowataja. Kuiweka si kazi ya siku nzima. Weka jina la mkubwa hapo. Halafu weka la intern pia, na sheria iseme wote wawili lazima wakubali, ndio swali lake likiulizwa lisimamishe kitu.