Dhamana Itozwe Wakati wa Shwari

Dhamana ni desturi njema. Mtu auzaye leo pamba atakayoitoa baada ya miezi mitatu hana budi kuweka amana kwa dalali wake, ili akishindwa kutimiza ahadi, hasara yake isiwaangukie wengine. Hapana mwenye akili awezaye kulipinga hilo. Tunalolipinga ni jambo jingine: dalali kuipandisha dhamana ghafula, bei zikiwa zimekwisha kuchafuka, na kutaka ilipwe kabla ya kesho. Nahodha atozaye nauli bandarini ni mfanyabiashara. Atozaye nauli ya pili katikati ya ziwa, mawimbi yakiwa juu, ni mnyang'anyi.

Mkaazi wa Pasiansi aweza kudhani kuwa neno hili ni la New York, yeye halimhusu. Lamhusu. Sehemu kubwa ya pamba ya Mwanza, Simiyu na Shinyanga huuzwa nje, na bei yake huifuata bei ya soko la New York. Huko ndiko mnunuzi mkubwa hujikinga: anunuapo marobota, huuza mikataba ya baadaye kwa kiasi hichohicho. Bei ikishuka, hasara ya ghala hufidiwa na faida ya mkataba. Bei ikipanda, ghala hufidia mkataba. Mizani husimama. Lakini hasara ya mkataba hudaiwa kila siku kwa fedha taslimu, na faida ya ghala haishikiki mpaka pamba iuzwe. Dhamana ikiongezwa saa hiyo, humnyonga mtu asiye na kosa, tena mwenye mali.

Ndivyo ilivyokuwa Machi 2008. Bei ya pamba ilipaa kwa siku chache, na wafanyabiashara wenye pamba ghalani wakadaiwa fedha wasizokuwa nazo mkononi. Oktoba mwaka huohuo Paul Reinhart, kampuni ya pamba ya Texas, ilikimbilia mahakama ya ufilisi. Mnunuzi akianguka, ushindani wa kununua hupungua. Na ushindani ukipungua, mkulima hupokea anachopewa, si anachostahili.

Watetezi wa madalali husema kuwa sheria ni moja kwa wote. Je, ni moja? Machi 2022 bei ya nikeli katika soko la London ilipita dola 100,000 kwa tani. Tsingshan, kampuni ya Uchina iliyokuwa imeuza mikataba mingi mno, ilidaiwa dhamana kubwa. Mabenki yakakubali kuipa muda, na soko likazifuta biashara za nikeli za tarehe 8. Mahakama za Uingereza ziliamua baadaye kuwa soko lilikuwa na mamlaka hayo. Hatubishani juu ya mamlaka. Twauliza mdogo angalipewa muda gani. Asiyelipa kwa wakati, dalali huifunga mikataba yake kwa bei mbaya ya saa ileile, kisha humdai salio.

Dawa yajulikana: dhamana iwe nzito bei zikiwa tulivu, ili isilazimu kupandishwa zikichafuka. Kanuni za Umoja wa Ulaya za 2013 zatoa njia mojawapo: taasisi zinazosimamia malipo ya mikataba zaweza kuongeza robo juu ya dhamana, na robo hiyo ikatumiwa wakati wa msukosuko. Lakini kanuni hizo zazibana taasisi. Dalali hazimfungi mikono. Mikataba mingi ya madalali huwaruhusu kupandisha watakavyo, wakati wautakao.

Yasemwa kuwa dhamana nzito ya siku zote huifanya biashara kuwa ghali. Ni kweli. Lakini gharama ijulikanayo huhesabiwa kabla ya safari, na asiyeiweza hubaki pwani salama. Gharama izukayo katikati ya maji haihesabiki, huzamisha.

Soko la Bidhaa Tanzania, lililoundwa 2014, huuza mazao kwa mnada. Siku litakapofungua mikataba ya baadaye, ulazima huu uwe umekwisha kuandikwa: kiasi cha dhamana na ukomo wa kukipandisha vitajwe kabla mtu hajatia saini, na muda wa kulipa uwe mmoja kwa mwenye robota kumi na mwenye robota elfu kumi. Wanasheria na wanauchumi wetu wasiingoje dhoruba ndipo waanze kusoma anga.