Vijana Wafundishwe Kushambulia kwa Kete Nyeusi

Machi 1960, katika Ukumbi wa Tamthilia wa Pushkin mjini Moscow, Mikhail Tal alimwinua farasi wake akamweka f4, mahali ambapo askari wa mpinzani angemla bila kutoka jasho. Tal alikuwa na miaka 23. Aliyeketi mbele yake, Mikhail Botvinnik, alikuwa na miaka 48 na ndiye bingwa wa dunia wa sataranji. Watazamaji walipiga kelele hata mchezo ukalazimika kuhamishiwa chumba cha nyuma. Botvinnik akamla farasi. Askari mweusi wa e5 naye akala papo hapo f4, na siri ikafunuka: askofu mweusi aliyekuwa amejibanza g7 tangu mwanzo, njia yake ikiwa imezibwa na askari wa upande wake mwenyewe, sasa alikuwa na ulalo mzima mbele yake.

Tal alishinda mchezo huo, wa sita katika pambano lao, na mwezi Mei akalitwaa taji. Alikuwa anacheza na kete nyeusi.

Jambo hilo linafaa kukumbukwa kila kijana anapopangiwa nyeusi na uso wake ukaanguka. Ni kweli kwamba nyeupe huanza, na katika michezo ya mabingwa huvuna takriban pointi 55 kati ya kila 100. Kwa sababu hiyo walimu wengi huwapa wanafunzi wao funguzi za kujilinda: ziba hapa, badilishana pale, omba sare. Mtoto anakua akiamini kwamba nyeusi ni za kuvumilia. Hilo ni kosa la ufundishaji, na dawa yake ipo: afundishwe mapema ufunguzi mmoja wa nyeusi wenye moto, na autumie kwa miaka.

Ufunguzi wa Tal siku ile ni Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme. Sehemu ya "Mfalme" inatokana na askofu wa upande wa mfalme anayekaa g7. Sehemu ya "Kihindi" inamrudisha msomaji Calcutta katikati ya karne ya 19, ambako Mbengali mmoja, Moheschunder Bannerjee, alicheza michezo mingi na Mskoti John Cochrane. Katika sataranji ya kienyeji ya India askari hakuruhusiwa kuruka nyumba mbili mwanzoni, na Bannerjee alizoea kusogeza askari wake hatua moja moja, kimya kimya, kisha akawapanga maaskofu wake pembeni. Wazungu wa wakati ule waliuona uchezaji wa ajabu. (Hata neno sataranji lilianzia huko huko India, kwenye jina la jeshi lenye viungo vinne: askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Likapita Uajemi na Uarabuni kabla ya kufika pwani yetu.)

Wazo lenyewe ni rahisi kulieleza. Nyeusi inaiachia nyeupe katikati ya ubao. Askari wa g anasogea hatua moja, askofu anakaa g7, askari wa d anasimama d6, mfalme anafichwa nyuma ya askari wake. Nyeupe inajenga ukuta wa askari c4, d4 na e4, na kwa mtazamaji inaonekana imeshashinda. Hapo ndipo nyeusi inapopiga e5. Mara nyingi nyeupe hujibu kwa kusukuma d5, katikati inafungwa, na ubao unagawanyika kama kijiji kilichokatwa na mto. Nyeupe inashambulia upande wa malkia. Nyeusi inawatuma askari wake f5, f4, g5, g4, moja kwa moja kuelekea kwa mfalme mweupe. Pande zote mbili zinakimbia, lakini zawadi hazilingani: nyeupe ikifika kwanza huenda ikala askari wawili watatu, nyeusi ikifika kwanza inamnasa mfalme.

Anayecheza drafti barazani anaijua ladha ya jambo hili. Unatoa kete moja kwa makusudi, mwenzako analazimika kula, kisha unamla mbili na kuingia kingi. Sataranji haina sheria ya kumlazimisha mtu kula, kwa hiyo chambo chake hupikwa kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 1953 ndio unaofundisha vizuri kuliko yote. Mwanzoni mwa mwaka huo, kwenye mashindano ya Mar del Plata nchini Argentina, Svetozar Gligorić wa Yugoslavia alimpiga Miguel Najdorf kwa mpango huu huu wa kutuma askari upande wa mfalme. Najdorf, mzaliwa wa Poland aliyebaki Argentina vita vilipozuka mwaka 1939, hakununa. Miezi michache baadaye, kwenye mashindano ya Zurich, alikutana na Mark Taimanov wa Urusi, aliyekuwa pia mpiga piano wa majukwaani, na safari hii Najdorf ndiye aliyekuwa na nyeusi. Akamchezea Taimanov kile alichochezewa yeye.

Mchezo huo unastahili kupangwa ubaoni polepole. Taimanov anakusanya ngome zake kwenye mstari wa c, tayari kuingia. Najdorf, badala ya kukurupuka, anapandisha ngome yake f7, kisha anamrudisha askofu wake wa thamani kutoka g7 hadi f8, nyumbani kabisa. Mwanafunzi anayeona hatua hizo mbili kwa mara ya kwanza hudhani jamaa ameishiwa. Kumbe askofu sasa anamlinda askari wa d6, ambaye nyeupe ilikuwa inamwinda, na nyumba ya g7 imeachwa wazi ili ngome ihamie hapo baadaye. Hatua hizo mbili za kimya zimemaliza kazi ya kujilinda na kuandaa shambulio kwa wakati mmoja. Hatua ya 19, askari anasukumwa g3, anatolewa bure. Ukuta wa mfalme mweupe unapasuka. Askofu mwingine, yule wa c8, anayedharauliwa kwa sababu hukaa nyumbani nusu ya mchezo, anatokea h3 kwenye hatua ya 33 na farasi anajitoa g2. Hatua kumi baadaye Taimanov alisalimu amri.

Mpango kama huo haukaririwi kama shairi la mtihani. Najdorf aliujua kwa sababu ulimuumiza, akauelewa ulivyomuumiza. Kosa la vijana wengi wa leo ni kuanza na faili la hatua 20 walilolipakua kwenye simu. Mpinzani akienda kando kwenye hatua ya sita, wanabaki wameduwaa.

Wapo wanaosema ufunguzi huu umepitwa na wakati. Wana ushahidi: Garry Kasparov aliutumia kwa miaka mingi, lakini baada ya kupigwa na Vladimir Kramnik huko Linares, Uhispania, mwaka 1997, aliuweka kando. Kompyuta nazo huipa nyeupe nafasi kubwa zaidi katikati inapofungwa. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu anayegombea taji la dunia dhidi ya mtu kama Kramnik. Kwa kijana wa klabu haina. Mpinzani wake wa Jumamosi hana timu ya wachambuzi, na mbele ya askari weusi wanaoteremka kwa mfalme wake, atalazimika kufikiri kwa kichwa chake mwenyewe saa ikiendelea kuhesabu. Hata Botvinnik alikuwa na jibu zuri zaidi siku ile, wachambuzi walilipata baadaye. Pale mezani hakuliona.

Ugumu upo, na mwalimu mwaminifu atausema. Kijana atapigwa vibaya mara kadhaa, upande wake wa malkia ukiwa umesombwa kabla shambulio lake halijafika popote. Atakutana pia na wapinzani wanaokwepa vita: wanakula e5, wanabadilishana malkia, na ubao unapoa. Wengi hukata tamaa hapo bila sababu. Nyeupe ikidhani sasa inaweza kula askari wa e5 kwa farasi wake, nyeusi inakula e4 kwa farasi, farasi wa nyeupe anamla huyo, na askofu wa g7 anamla farasi aliyeko e5. Hesabu zimelingana, na askofu huyo amekaa katikati ya ubao kama mwenye nyumba.

Zana za kujifunzia hazina gharama. Tovuti ya sataranji ya Lichess ni ya bure, na hazina yake ya michezo ya mabingwa inafunguka kwenye simu ya kawaida. Mashindano ya Zurich yalikuwa na michezo 210, na David Bronstein, mmoja wa waliouinua ufunguzi huu miaka ya 1940 na 1950, aliichambua yote katika kitabu chake, zaidi kwa maneno ya kawaida kuliko kwa orodha za hatua. Mwalimu mwenye klabu ya watoto kumi na mbao tano anaweza kuanza wiki hii: apange mchezo wa Taimanov na Najdorf hadi nyeupe icheze hatua yake ya 19, afunike jibu, kisha awaache watoto watafute kwa dakika kumi nyeusi ifanye nini.