Ukoma usoni: usimtengee bibi sahani

Katika baadhi ya familia yupo bibi au babu asiye na nyusi, mwenye pua iliyobonyea na pengo la meno ya mbele ya juu. Watoto hukatazwa kutumia kikombe chake. Wageni wakija, huombwa abaki chumbani. Lakini aliyemaliza dawa za ukoma haambukizi mtu. Kinachoonekana usoni ni kovu. Hata kabla ya tiba, ukoma hauenezwi kwa kula sinia moja wala kushikana mikono. Huhitaji ukaribu wa muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa, na miili ya watu wengi hujikinga yenyewe.

Kwa nini uso? Bakteria wa ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo, kama nyusi, ndewe za masikio na pua. Pua huziba na kutoka damu, kisha mfupa wake hulika. Mgonjwa huanza kupumulia mdomo, hewa hupoza kaakaa, na vinundu huota hapo. Mfupa unaoshika meno ya mbele ya juu nao ukilika, meno hulegea na kung'oka. Neva zikiumia, jicho halifumbi, mdomo huenda upande, na midomo haisikii uji wa moto unaoiunguza.

Hayo huja baada ya miaka ya kukosa tiba. Ugonjwa wenyewe huanza kimya, mara nyingi kwa baka kwenye ngozi lenye rangi iliyofifia au nyekundu, lisilowasha wala kuuma. Wazazi wengi hudhani ni utangotango na kupaka dawa za dukani miezi kadhaa.

Mzazi anaweza kupima nyumbani. Mtoto afumbe macho, kisha aguswe taratibu kwa pamba, mara kwenye baka, mara pembeni, aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Asiposikia kwenye baka, apelekwe zahanati. Hata akisikia, baka lisilopona lionwe na mtaalamu. Muleba kuna hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo, na Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma.

Dawa ni bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ukoma. Mgonjwa akishaanza dozi, haambukizi tena. Wanaoishi naye nao wachunguzwe, kwani dalili zinaweza kuchukua miaka 5 au zaidi kujitokeza.

Kwa mzee mwenye makovu, chakula na chai vipoe kwanza. Kama vidole havishiki vizuri, mpini wa mswaki uzungushiwe kitambaa unenepe. Jicho lisilofumba likingwe na vumbi, na usiku lifunikwe kwa kitambaa safi.

Jambo moja halingoji kesho: mgonjwa, awe kwenye dawa au amezimaliza, akishindwa ghafla kufumba jicho, mdomo ukienda upande, au mabaka yakivimba na kuuma. Neva inaumia wakati huo. Akiwahi hospitali ndani ya miezi 6 ya kwanza, dawa ya kutuliza uvimbe inaweza kuiokoa. Akichelewa, ulemavu huwa wa kudumu.